Kabla hujamdhamini mtu mkopo, elewa unachosaini

Kwenye kikundi chetu cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Morogoro mimi ndiye katibu, kwa hiyo wanachama huniletea karatasi za mikopo waliyochukua kwingine niwasomee. Wengi huja wakiwa wameshasaini. Saini ipo, dole gumba lipo, picha ya pasipoti imebandikwa, lakini ukimuuliza mtu amekubali nini, anakutajia rejesho la kila wiki na basi. Inaniuma, kwa sababu maneno yenyewe si mengi. Ukiyaelewa matano tu, mkataba unafunguka.

Naanza na linaloumiza watu kuliko yote: mdhamini. Shoga yako anakuja jioni na fomu, anakwambia, "Nisainie hapa, ni utaratibu tu wa ofisi." Unasaini ukidhani unathibitisha kwamba unamfahamu na anakaa mtaa huo. Hapana. Anayethibitisha kwamba ameona jambo likifanyika ni shahidi. Mdhamini anaahidi kulipa yeye mwenyewe endapo mkopaji hatalipa. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, labda mkataba wenyewe useme vingine. Kwa hiyo mkopeshaji halazimiki kumaliza kwanza njia zote kwa mwenye deni ndipo aje kwako. Anaweza kukugongea wewe. Na haji na deni la msingi peke yake, anakuja na riba iliyolimbikizwa. Ukishalipa, sheria inakupa haki ya kumdai uliyemdhamini, lakini mtu aliyehama na kubadili laini ya simu utamdai wapi?

Sikatazi kudhaminiana. Bila hivyo mama lishe na wauza mboga wengi wasingepata mtaji. Ninachowaambia wanachama wetu ni kwamba udhamini unaweza kuwekewa kikomo. Omba iandikwe, kwa tarakimu na kwa maneno, kwamba unadhamini mwisho shilingi laki tatu, au kiasi chochote ambacho ungeweza kukilipa bila kuuza kitu cha ndani. Afisa mikopo akikataa, nawe kataa. Undugu utapona kwa "hapana" ya leo kuliko kwa kesi ya mwakani.

Dhamana ni kitu, si mtu. Kwenye mikopo midogo huwa ni fomu yenye orodha: friji, televisheni ya inchi 32, sofa, mtungi wa gesi. Angalia ile safu ya thamani. Nimeona sofa jipya limeandikwa laki moja, na mwenyewe hakushtuka kwa kuwa alikuwa na haraka ya hela. Usiandike kitu cha mwenzio, hata kama mnaishi nyumba moja. Halafu kuna wanaodai uwaachie kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Hiyo usiite dhamana. Umempa mtu mshahara wako wote auchukue kabla hujauona.

Rehani ni pale nyumba au kiwanja kinapofungwa na deni. Hapa wanandoa wasikilize vizuri: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wenu kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ukiletewa fomu ya ridhaa ya mwenza, jua kwamba saini yako ndiyo iliyokuwa imebaki.

Riba sasa, na ukokotoe mwenyewe. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kama riba inapigwa kwenye kiasi chote ulichokopa mpaka mwisho, utalipa 35,000 kila mwezi, jumla 210,000. Kama inapigwa kwenye salio linalopungua kila unaporejesha, jumla ni takribani 122,500. Asilimia ni ileile, tofauti ni 87,500. Kwa hiyo usiulize "riba asilimia ngapi?" peke yake. Uliza, "Mpaka namaliza, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi mfukoni, pamoja na ada ya fomu na makato yote?" Kisha waombe ratiba ya marejesho iliyochapwa.

Katika makato hayo mara nyingi kuna bima ya mkopo, na watu hupita juu yake. Kwa kawaida bima hii hulipa deni lililobaki mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Biashara ikidorora haikuhusu. Mjane mmoja katika kikundi chetu aliendelea kurejesha mkopo wa marehemu mumewe, akiuza maandazi asubuhi na jioni, na hakuna aliyemwambia chochote. Tulipousoma mkataba tukakuta makato ya bima yalifanyika siku ileile fedha zilipotolewa. Alipeleka cheti cha kifo na nakala ya mkataba, akajaza fomu ya madai, na deni likafutwa. Kama umefiwa na mtu aliyekuwa na mkopo, tafuta mkataba wake kabla ya kulipa rejesho lolote.

Wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasiotunza akiba za wateja, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Itazame kabla hujapeleka picha na barua ya serikali ya mtaa. Na siku ya kusaini usiondoke ofisini bila nakala yako yenye mhuri. Wakikwambia nakala utaifuata wiki ijayo, saini nayo waambie utaileta wiki ijayo.