Maji yale ya kuzunguka ngome yalikuwa ya nini?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Nafundisha drama shule moja hapa Njoro. Wanafunzi wangu waliona picha ya ngome moja ya Uswidi imezungukwa na maji pande zote, wakasoma kwamba siku hizi ni makumbusho. Sasa wananisumbua, maji yalikuwa ya nini, na mbona sisi tusicheze mchezo wetu pale kasri ya Lord Egerton, yule mlowezi Mwingereza wa hapa Njoro, ama ni ya maharusi tu? Niwaambie nini? – Mwalimu, Njoro

JIBU: Salama mwalimu, na uwaambie wamefanya vizuri kuuliza. Nadhani hiyo ni Malmöhus, iko mji wa Malmö. Yale maji ni handaki, lilichimbwa adui asiegemeze ngazi ukutani wala asichimbe chini ya msingi, na mtu wa kuingia lazima apitie darajani ambapo anaonekana. Baadaye ngome ikawa jela, alafu 1937 ikafunguliwa kama makumbusho. Lakini kitu kinanigusa mimi ni mwaka 1945, watu waliotolewa kambi za mateso za Wanazi walifikishwa Malmö wakiwa wamedhoofika kabisa na makumbusho ikawapokea, wakalala mle mle ndani. Nyumba iliyojengwa kuzuia watu ikawa ndo ya kuwasitiri.

Kasri yetu haina handaki na haijawahi kuona vita. Lord Egerton aliijenga kuanzia 1938 hadi 1954, vyumba 52 vya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, akaaga 1958. Kwa hivyo mimi nasema watoto waingie, wacheze, nyumba kama hiyo inataka sauti za watu.

Andikeni barua kwa Chuo Kikuu cha Egerton juu ndio wanaisimamia, mseme siku, idadi ya watoto na saa za mazoezi. Ni jengo linalolindwa na sheria ya turathi, kwa hivyo hakuna kupiga msumari wala kubandika gamu ukutani, mapazia yenu yasimame kwa fremu zenu wenyewe. Alafu kabla ya kuchagua ukumbi ingia na mwanafunzi mmoja, asimame mwisho kule aseme mstari wake polepole, wewe ukae mlangoni usikize. Mawe hurudisha mwangwi na maneno yanapandana. Yakipotea, chezeni nje kwa nyasi, kasri ikiwa nyuma yenu.

Mkipata tarehe mniandikie, nitakuja.