Ziwa ni lile lile, samaki wana majina mengine: kwa anayekuja kusoma Kisumu

Mtoto wa mama mdogo amepata nafasi Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, Kenya, na kila siku ananiuliza abebe nguo gani. Nguo atapata Kibuye Jumapili, soko linapofurika mitumba. Mimi ninachotaka ajue ni namna ya kutoka na kutembea, kwa sababu muhula wangu wa kwanza wote niliumalizia hosteli na bado unaniuma.

Nilitoka Mwanza kwa basi, tukavuka mpaka pale Sirari, tukapita Migori na Kisii. Kisumu nikaliona Ziwa Victoria, ziwa lile lile lililonilea. Nikajiambia: hapa ni nyumbani, nitajifunza nini?

Jumamosi ya kwanza nikaenda sokoni kutafuta sato. Sato huko ni ngege. Sangara ni mbuta, dagaa ni omena. Nilipompata samaki ninayemtaka nikamwambia mama muuzaji, "Mama, naomba huyu." Akanitazama kwa upole, akauliza, "Unaomba ama unanunua?" Kwetu "naomba" ndiyo adabu yenyewe, yeye alisikia mtoto anayetaka kupewa bure. Sema "nipe", hutakuwa umemvunjia mtu heshima. Mimi niliona aibu, nikajifungia. Usifanye hivyo. Rudi kwa mama yule yule wiki inayofuata, umsalimie kwa Kijaluo: *oyawore* asubuhi, *oimore* jioni, na ukihudumiwa, *erokamano*. Kiswahili kitakutosha chuoni na kwenye matatu, lakini maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niulizwe natoka wapi na wazazi wangu hawajambo.

Kutakuwa na safari za basi za wanafunzi. Nilikwenda moja ya Nakuru, tukaona faru na nyati hifadhini, tukarudi usiku tumechoka. Nenda, ni nzuri. Ila zilizonibadilisha ni safari ndogo, za watu wawili, na zilianzia Makumbusho ya Kisumu.

Nilipelekwa na mwenzangu wa chumbani, binti wa Siaya. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na vya wageni wengine, kwa hiyo tembea na kitambulisho. Ndani kuna boma zima la Kijaluo, linaitwa Ber-gi-dala. Nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inatazamana na lango. Ya nyachira, mke wa pili, iko pembeni yake, na karibu na lango kuna simba, kibanda cha kijana wa kiume. Mwenzangu hakusoma vibao. Alisimama akanionyesha: kwetu kaka yangu analala hapa, baba hawezi kuingia humu. Nilikaa saa mbili pale, na ningekaa zaidi.

Ndiyo maana nakushauri uanze makumbusho kabla ya Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana kwenye barabara ya Bondo. Maana ya jina ni jiwe la mke wa kwanza. Wanasimulia kwamba mzee mmoja aliyapenda mawe hayo hata akawa anashinda huko kutwa, na mkewe akiulizwa mumewe yuko wapi, anajibu amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaiona nyumba ya mikayi mahali pake pa heshima, nikaelewa uchungu ulio ndani ya jibu la mama yule. Tembea kimya ukifika. Kuna watu wanaokuja kusali.

Ukialikwa nyumbani kwa mwenzio, kubali. Beba sukari na mkate, na usikatae chakula. Tuliandaliwa nyoyo, nikaonja nikakuta ni makande ya mama. Bibi yake nilimwita "bibi", mwenzangu akanikonyeza: huku wengi wakisikia bibi wanaelewa mke. Sema nyanya, au *dani* kama wasemavyo wao. Usiku tulilala nyumbani kwa dani na akatusimulia mpaka taa ikazimwa. Neno kwa neno sikuelewa mengi, mwenzangu alinitafsiria akicheka na kusinzia, na katika miaka yote ya masomo sina usiku ninaoukumbuka kuliko ule.

Msitu wa Kakamega usiukose. Ondoka mapema na uchukue mtu wa kukuongoza. Nauli ya matatu uliza kabla hujapanda, hasa mvua ikinyesha.

Na Dunga, ufukwe wa wavuvi, nenda alfajiri, mitumbwi inaporudi. Akina mama wanaanika omena juani kama wanavyoanika kwetu Mwanza. Ukija likizo niletee kilo mbili. Mama atasema ni dagaa tu, lakini mimi nitaziita omena.