Kabla Hujaiacha Kemia ya Kidato cha Tano

Wiki iliyopita binti anayesoma tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) hapa Mwanza aliniandikia kwamba mwalimu amemwambia Kemia haimfai, na kwamba ni heri ahamie masomo ya sanaa mapema. Ujumbe huo uliniuma, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi mbele ya darasa zima, na mwalimu ambaye hakuwahi kulifungua daftari langu. Leo ninafanya kazi maabara, lakini sijayasahau.

Mdogo wangu, usihame. Kidato cha tano kinatisha kwa sababu kemia ogania, msawazo wa kikemia na nishati ya mimenyuko vinakuja kwa mfululizo, na mwanafunzi aliyevuka kidato cha nne kwa kukariri anakuta kukariri hakumvushi tena. Mimi nilirudi kwenye moli, kizio cha kuhesabia kiasi cha dutu, somo la kidato cha tatu, wakati wenzangu wakinicheka. Kila usiku nilikokotoa nikiandika kizio cha kila namba: gramu 4 za sodiamu hidroksidi ni moli 0.1, kwa kuwa moli moja ina gramu 40. Ukiliona hilo bila kusita, hesabu nyingi za maabara zinafunguka zenyewe.

Maabara ndiko nilikoipenda Kemia. Unapopima oksaleti yenye asidi, iliyopashwa moto hadi nyuzi 60 au 70, kwa potasiamu pamanganeti, tone la kwanza linakawia kupoteza rangi yake ya zambarau, kisha yanayofuata yanapotea upesi, kwa sababu ioni za manganizi zinazozalishwa humo zinageuka kichocheo cha mmenyuko wenyewe. Pinki hafifu inapobaki bila kufutika, unafunga bureti, ile mrija wenye vipimo unaodondosha pamanganeti, na kusoma. Aliyeyaona hayo kwa macho yake hahitaji kukariri maana ya kichocheo, wala hasahau kwamba ioni 2 za pamanganeti zinakwenda na 5 za oksaleti.

Siku moja tulichemsha maji, na themometa ikasimama karibu na nyuzi 96. Mwenzangu alitaka tuandike 100 kama kitabu kinavyosema, nami nikakataa, na ninajivunia kukataa kwangu hadi leo. Ziwa letu liko takribani meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa huku ni ndogo kuliko pwani, na maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa. Ukilishika jambo hilo, sheria ya Raoult, ile ya kanieneo ya mvuke wa myeyusho, haitakusumbua. Andika unachokiona, si unachotarajiwa kukiona. Vijana wengi wanapoteza alama za majaribio kwa kunakili majibu ya jirani, na huo ni uvivu unaovaa sare ya shule.

Nanyi walimu wetu, ninawaomba kwa heshima: someni kwanza hatua za mwanafunzi ndipo mseme hafai, maana mara nyingi amekosea kizio tu.

Binti yangu wa PCB, anza na moli leo jioni, maswali machache kwa siku, kwa kalamu na si kwa macho. Ukikwama, nitumie picha ya ukurasa wote, pamoja na mistari uliyoikata, maana hiyo ndiyo nitakayoisoma kwanza.