Desturi ya chakula cha sikukuu isiyomchosha mtu

Dada, umeuliza uanzie wapi ili familia iwe na desturi yake ya chakula cha sikukuu bila wewe kushinda jikoni. Chagua kitu kimoja tu, na kiwe kile ambacho watoto wanaweza kukishika kwa mikono yao. Mimi napendelea biskuti. Donge linakandwa jana yake, linafunikwa na kulala kwenye friji. Likiwa baridi halitapakai ovyo ndani ya oveni, kwa hiyo nyota aliyoikata mtoto inatoka ikiwa nyota, na furaha yake hapo utaiona mwenyewe. Mdogo akate maumbo, mkubwa apime sukari na siagi, mtu mzima asimamie moto. Ila wasilambe donge bichi hata kama halina mayai, maana unga wenyewe unaweza kubeba vijidudu.

Hamna oveni? Kifungua kinywa cha pamoja kinatosha kabisa: kila mwaka chakula kilekile, mpishi anabadilika. Mabaki yasikae nje ya friji kwa muda unaozidi saa 2.

Na tafadhali wekeni daftari la vipimo, lenye jina la aliyepika. Mwakani hamtabahatisha.