Maswali ya wajenzi wa modeli: futikamba kwanza, gundi baadaye

Tangu klabu zetu za hapa Dar zianze kujenga miradi ya pamoja, maswali yamefurika, na nusu yake ningeyajibu kwa neno moja: pima. Nimechagua haya yenye faida kwa wengi. Nyie mlioniuliza tena wapi mtapata modeli za boksi, zile zinazouzwa vipande vya kuunga mwenyewe, kwa bei ya kutupa, sijawasahau. Nimewaruka makusudi.

Shikamoo fundi. Klabu yetu ya Tabata tunajenga reli ya pamoja, kila mtu na kipande chake. Mimi nimejenga behewa la TAZARA kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo halisi nimekigawa kwa 87. Vipimo vyote viko sawa, lakini likikaa relini linaonekana jembamba, kama limewekwa kwenye reli isiyo yake. Reli tulizonunua ni za upana wa milimita 16.5.

Marahaba, na jibu umeshalitoa mwenyewe: reli hiyo si yake. Milimita 16.5 kwa 1:87 ni reli ya upana wa kawaida wa Ulaya na Marekani, yaani milimita 1,435. TAZARA ni 1,067. Reli ya Kati ya zamani ni mita moja kamili. Hapa Dar ni SGR, reli mpya ya treni za umeme, peke yake yenye 1,435. Chukua kikokotoo ugawe kwa 87: SGR inakupa 16.5, TAZARA 12.3, reli ya mita 11.5. Behewa lako ni la watu wa Kapiri Mposhi, kule Zambia TAZARA inakoishia, nyie mmelitandikia njia ya treni ya umeme ya Morogoro.

Mna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kununua reli ya milimita 12, ile inayotengenezwa kwa ajili ya treni za njia nyembamba za kama Uswisi. Itawafaa TAZARA na Reli ya Kati kwa pamoja, tofauti iliyobaki jicho haliioni. Ya pili ni kubaki na reli mliyonayo na kuhamia skeli ya 1:64, kwa sababu 1,067 ukigawa kwa 64 unapata 16.7. Lakini mkihama, hameni wote: watu, miembe, nyumba, hadi ndoo ya mama muuza karanga pale stesheni. Mtu wa mita 1.70 kwa 1:87 ana milimita 19 na nusu, kwa 1:64 ana karibu 27. Mkiwachanganya kwenye jukwaa moja, nusu ya abiria wenu watakuwa watoto wenye ndevu.

Hukuniuliza hili, ila nalijua linakuja: siku ya kuunganisha vipande vyenu havitakutana. Kateni kigezo kimoja cha plaiwudi nzito, kionyeshe kimo cha meza, mahali reli inapotokea na matundu ya bolti. Kila mwanachama atoboe kwa kigezo hichohicho, kizunguke nyumba kwa nyumba. Msikubali mtu anakili kigezo kwa jirani halafu ampe mwingine nakala ya nakala. Nusu milimita ya Tabata ikifika Segerea imekuwa milimita mbili, na treni inaanguka.

Na msiende kwenye mataruma ya reli na futikamba bila ruhusa. Andikeni barua ya klabu, yenye muhuri, muipeleke kwa mkuu wa stesheni, msubiri. Bandarini na kwenye kivuko ni hivyohivyo. Kamera inaanza na barua.

Fundi, gundi gani nzuri? (Msomaji, Kimara)

Ya kubandika nini na nini? Ukiniletea swali hili bila kutaja vitu viwili vinavyobandikwa, ni sawa na kuuliza dawa gani nzuri. Plastiki ya modeli kwa plastiki ya modeli, tumia gundi maalumu inayoyeyusha kingo zikashikana. Mbao kwa mbao, gundi nyeupe ya seremala. Chuma kwa plastiki, epoksi ya mirija miwili. Plastiki yenye mafuta mafuta, ya vifuniko vya chupa, usihangaike nayo, gundi nyingi haziishiki.

Supa gluu ina sura yake hapa mjini. Inakauka kwa unyevu wa hewa, na hewa ya Dar wakati wa masika ni maji matupu, kwa hiyo inakamata kabla hujanyoosha kipande. Ihifadhi kwenye chupa iliyofungwa ndani ya friji, na ukiitoa iache ipoteze baridi kabla ya kufungua kifuniko. Usiibandikie madirisha, mvuke wake unaacha utando mweupe kwenye plastiki angavu. Dirisha linashikwa na gundi nyeupe. Na ikimwagika usiipanguse kwa pamba wala fulana ya pamba: ikikutana na pamba inapata moto wa kukuunguza vidole. Hilo si kunitania, watu wameungua.

Nimepulizia ndege yangu rangi ya kopo ya magari. Sehemu moja plastiki imejikunja, na asubuhi nikakuta bawa zima lina ukungu mweupe. Nimeuziwa rangi feki?

Pengine, lakini hapa rangi haina hatia. Una matatizo mawili yasiyojuana.

Plastiki imejikunja kwa sababu rangi za magari nyingi zina thina kali, na thina hiyo inakula plastiki ya modeli. Ulipuliza nzito, ikatuama, ikala. Anza na praima, ile rangi ya msingi, kisha rangi kwa vumbi jepesi la mbali, acha ikauke, rudia. Na kwanza jaribu kwenye ile fremu vipande vilikotoka. Inakuja bure kwenye kila boksi na kila mtu anaitupa jalalani.

Ukungu ni unyevu. Thina ikiruka kwa kasi inaupoza uso wa rangi, maji ya hewani yanatua pale pale, rangi inapauka. Ulipuliza usiku, tena mvua imetoka kunyesha, sivyo? Pulizia adhuhuri ya siku kavu. Ukitumia kompresa, weka chujio la maji kwenye mpira na ulifungue kumwaga maji kila unapomaliza. Ukungu mwepesi mara nyingine huondoka ukipitisha pazia jembamba la thina inayokauka polepole, ila jaribu chini ya bawa kwanza.

Sasa onyo. Wengi wenu mnapulizia kwenye korido ya nyumba ya kupanga, na mlango wa pili jirani anakaanga samaki. Mvuke wa thina unashika moto. Nendeni uani, mbali na jiko, na mvae barakoa yenye vichujio vya kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo.

Daladala ya Mbagala–Kariakoo niipake rangi gani?

Simama kituoni ukaangalie. Na ukiwa pale, angalia mlango: rangi imechubuka pale konda anapopiga kiganja, na ngazi ya chini imeliwa hadi chuma. Ukiweka hayo mawili, hata aliyekosea rangi ya mstari atasamehewa.

Nataka kuanza MV Liemba, nina picha nyingi sana nilizokusanya. Itakuwa kubwa kiasi gani? (Msomaji, Ukonga)

Kabla ya ukubwa, chagua mwaka. Meli hiyo imeishi maisha kadhaa na wewe umekusanya picha za maisha yote kwenye folda moja.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha, ikashushwa hapa hapa Dar es Salaam, ikapanda Reli ya Kati hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuingia majini Februari 1915. Kwa maneno mengine nayo ilikuwa modeli ya boksi, ila ya skeli ya 1:1. Wakati wa vita ilifungwa mzinga. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikaingia za dizeli. Kila hatua imegusa kitu juu ya sitaha. Ukichukua bomba la moshi la picha moja na vyumba vya picha nyingine, umejenga meli ambayo haikuwahi kuelea Tanganyika.

Ina urefu wa mita 71 na kidogo, upana karibu mita 10. Kwa 1:100 ni sentimita 71, na ukiongeza kabati la kioo inaomba ukuta wake peke yake. Kwa 1:200 ni chini kidogo ya sentimita 36, inakaa juu ya meza ya televisheni. Ningechukua 1:200. Usihangaike na ribiti: kichwa cha sentimita mbili kwa skeli hiyo ni sehemu ya kumi ya milimita, na ukikiweka kionekane umeshakosea. Na ramani yoyote utakayopewa, pima urefu wake ugawe kwa upana. Usipopata kama saba, irudishe kwa aliyekupa.

Jahazi la klabu yetu ya Kunduchi limekataa kupendeza. Tumelijenga kwa ramani tuliyoipakua, mlingoti wima, tanga la shuka limekakamaa. Tumekosea wapi?

Mnakaa Kunduchi mnapakua ramani ya jahazi! Niliacha kalamu nikanywa maji kwanza.

Mlingoti wa jahazi hausimami wima, wala hauegemei tezi, yaani nyuma, kama wa meli za Wazungu mnazoziona kwenye maboksi. Unainamia omo, yaani mbele. Una sababu: foromali, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu mno, mara nyingi ni miti zaidi ya mmoja iliyofungwa pamoja, na chombo kikigeuza upande wa upepo foromali na tanga lake hupitishwa mbele ya mlingoti. Mwinamo huo ndio unaoipa nafasi. Mlingoti wenu ukiwa wima, mwenye macho anajua kwamba jahazi hilo halijawahi kugeuza tanga. Angalieni na pembe ya mbele ya tanga: la ngalawa lina pembe tatu kamili, la jahazi limekatwa kidogo mbele, linabaki na ukingo mfupi. Ramani nyingi za kupakua zinachanganya.

Shuka ni zito. Tafuteni leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa hadi ikalainika, ichovyeni chai ya rangi, ikaukie juu ya puto ili ishike tumbo la upepo. Mishono ya vipande vya tanga chora kwa penseli ngumu. Uzi wa cherehani kwa skeli yenu ya 1:50 unakuwa mnene kama kamba.

Halafu ingojeni bamvua. Maji yakipwa, vyombo vinalala mchangani hadi mkuku, ule uti wa chini wa chombo, unaonekana. Mwombeni nahodha, mpeni ya kahawa, mpime: urefu wa mkuku, urefu wote kutoka omo hadi tezi, upana kila robo ya chombo, mlingoti uko umbali gani kutoka omo, foromali ina urefu gani. Mwinamo wa mlingoti mpime kwa uzi wenye jiwe, mdondoshee kutoka juu mhesabu umbali hadi shina. Asubuhi moja inatosha. Mkitaka kuona mataruma ya chombo, yaani mbavu zake, kabla hayajafunikwa na mbao, nendeni Bagamoyo mkiambiwa kuna chombo kinaundwa.

Tulijenga wanne Daraja la Nyerere la Kigamboni kwa 1:500. Mwenzetu aliyekuwa anatutunzia ameliuza kwa ofisi moja bila kutuuliza, anasema nyaya zote alifunga yeye. Tumfanyeje?

Mwambieni alete hesabu mezani: bei aliyouza, na risiti za vifaa vya kila mmoja. Toeni gharama kwanza, kinachobaki gawaneni kwa makubaliano, na kama kweli nyaya alifunga yeye, muongezeeni. Akikataa, mtoeni klabu na mumdai. Msimsemeseme pembeni huku Jumamosi mnamuazima kompresa.

Lakini kosa ni lenu wanne. Mliweka mita 1.36 ya daraja, maana daraja lina mita 680, nyumbani kwa mtu mmoja, bila hata mstari mmoja wa maandishi. Mradi wa pamoja unahitaji daftari kabla ya kisu: nani ameleta nini, chombo cha nani, modeli itakaa wapi, ikipata mnunuzi nani aulizwe. Wote watie sahihi. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa sababu ya koleo la kukatia waya ambalo kila mtu aliamini ni lake.

Printa ya 3D inaruhusiwa kwenye mradi wa pamoja?

Inaruhusiwa, kama faili umelichora kwa vipimo ulivyopima wewe. Kupakua faili la mtu wa Ulaya na kuliita Coaster ya Gongo la Mboto, hapana. Na resini mbichi, ile plastiki ya majimaji ya printa, usiishike bila glavu.

Nitaifikishaje modeli mjini siku ya maonyesho bila kuvunjika? Naishi Chanika.

Usipande nayo bodaboda, wala daladala ya saa moja asubuhi. Tengeneza sanduku la plaiwudi lenye sakafu ya kuchomoka, modeli ifungwe kwa skrubu kutoka chini, isizungukwe na sponji inayogusa nyaya. Pima sanduku kwa nje, kisha pima mlango wa gari utakalokodi, na mlango wa ukumbi pia. Milingoti na antena zisafiri kwenye kopo la peke yake, uzibandike ukifika. Na beba gundi. Ile ya kwenye friji.