Ki-67 imepanda kwenye ripoti ya soriasisi: je, ni saratani?

Dada wa Nakuru, pole sana. Umesema ripoti ya kipande cha ngozi ya mamako imeandikwa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba, kisha chini yake Ki-67 na CD31 zimeongezeka, na jirani amewaambia Ki-67 ni kipimo cha saratani. Nami nilikabidhiwa karatasi kama hiyo hapa Kisumu bila kuelezwa neno hata moja. Nililala macho siku tisa.

Ki-67 ni protini iliyo ndani ya kiini cha seli inayojigawa. Seli iliyotulia hainayo. "Ki" ni ya mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa miaka ya 1980. Madaktari wa saratani huitumia sana, ndiyo maana watu wanaihofia, lakini yenyewe huonyesha kasi tu. Na soriasisi ni ugonjwa wa kasi: seli ya ngozi ambayo kwa kawaida huchukua kama mwezi kupanda kutoka chini hadi kubanduka, hufika juu kwa siku chache, ikiwa bado changa. Zinarundikana, na hayo ndiyo magamba meupe anayokung'uta mama kwenye shuka asubuhi.

Baadaye daktari aliniruhusu nichungulie hadubini. Viini vyenye Ki-67 vilikuwa vya kahawia, vingine samawati. Kwenye ngozi yenye afya vya kahawia ni vichache, viko chini kabisa. Kwangu vilikuwa vingi na vimepanda juu. Ila akanionyesha kwamba seli zangu zimeshika mpangilio wao, hazijapenya kwenda chini kama zifanyavyo za saratani. Nililia pale pale.

CD31 nayo huonyesha seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu. Kwenye soriasisi, seli za ngozi hutoa kwa wingi protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa ya damu kukua, na vimishipa vinarefuka, vinapindapinda, vinatanuka hadi karibu na uso wa ngozi. Nilishayaona haya bila kujua. Jioni moja sokoni Kibuye nilibandua gamba kiwikoni, pakatokea vitone vya damu kama ncha za sindano. Dalili hiyo ina jina la Auspitz, daktari wa Vienna wa karne ya 19. Mama asijibandue lakini! Kidonda kidogo tu kinaweza kuzaa baka jipya.

Tena msisubiri wekundu wa kwenye vipeperushi. Kwa ngozi yetu nyeusi baka huwa la zambarau au kijivu. Yangu yalipakwa dawa ya mashilingi (choa) miaka miwili mizima.

Mkirudi kliniki, ombeni mtaalamu aliyesoma kile kipande awaambie waziwazi kama aliona seli zozote zisizo na mpangilio. Na kama vidole vya mama huamka vimekakamaa au vimevimba, lisemeni hilo siku hiyo hiyo, kwa sababu soriasisi huingia pia kwenye viungo na ikicheleweshwa huviharibu.