Otomatiki haikuondolei udereva

Mdogo wangu, umeuliza kama ununue gari la otomatiki, lile linalobadili gia lenyewe bila wewe kukanyaga klachi, wakati mjomba wako anashikilia kuwa asiyekanyaga klachi si dereva. Kwa shughuli zako za hapo Kigoma mjini, nunua otomatiki bila wasiwasi.

Mjomba tumheshimu, ila magari yamebadilika. Kompyuta ya giaboksi inasoma mwendo, mzunguko wa injini na jinsi ulivyokanyaga mafuta, kisha inachagua gia. Giaboksi za klachi mbili huiweka gia inayofuata tayari kabla ya kuhitajika. Mguu wa binadamu haufikii kasi hiyo.

Tatizo ni kwamba kompyuta haioni mbele. Wewe unauona mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni. Yenyewe mara nyingi inaujua ukishaingia. Ukiiacha kwenye D, yaani gia ya kwenda mbele ya kawaida, ukategemea breki peke yake, kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto na kupunguza nguvu. Kwa hiyo punguza mwendo kabla hujaanza kushuka, sogeza mkono wa gia kwenye 2 au L, yaani gia ndogo, usikie injini ikiunguruma na kulishika gari. Usiweke N (gia huru) kamwe ukidhani unaokoa mafuta! Vivyo hivyo kwenye matope: gia ndogo, mafuta taratibu.

Leseni jifunzie gari la klachi hata hivyo. Ukiombwa kuendesha lori au pikapu ya zamani kwenda Kasulu, hutakwama. Na mafuta ya giaboksi weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ya kukisia na fundi.